"Adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake": jibu kwa msomaji anayeshindwa kumbishia mumewe

Swali: Shikamoo Dokta. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 13, wa kike ana 10. Mama mkwe wangu tunaishi naye. Kila alfajiri anamwamsha binti yangu afagie na kuosha vyombo, lakini kaka yake akilala mpaka saa mbili hasemi kitu. Kazini nako bosi wangu ni mwanamke. Mtoto alipougua akaninyima ruhusa, akaniambia yeye amelea watatu na hakuwahi kuomba. Mume wangu hunicheka: "Mnaimba mfumo dume, mfumo dume, mbona mnateswa na nyinyi kwa nyinyi? Kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake." Nashindwa kumbishia. Mnaposema jamii ndiyo inayompangia mwanamke maisha yake, hiyo jamii ni nani kama si sisi wenyewe?

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukubali ulichokiona, maana wenzangu wengi wa fani hii wakiulizwa swali kama lako hulikwepa, kana kwamba kulikiri ni kuwasaliti wanawake. Ni kweli. Anayemfundisha msichana namna ya kukaa, ya kucheka, ya kunyamaza, kwa kawaida ni mama, bibi au shangazi. Anayemwita "hajafundwa" ni mwanamke. Mumeo ameona vizuri. Alipokosea ni kwenye hesabu aliyoipiga baada ya kuona.

Tuuchukue msemo wake tuupime upande wa pili. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji, iliyotolewa mwaka 2019, inaonyesha kwamba duniani, katika kila watu 10 wanaouawa kwa makusudi, 8 ni wanaume. Na katika kila washukiwa 10, 9 ni wanaume. Umewahi kumsikia mtu akisema adui wa mwanamume ni mwanamume mwenzake? Wanaume wakiuana tunauliza sababu: shamba, deni, siasa, ulevi. Wanawake wawili wakinuniana ndani ya nyumba moja hatuulizi, maana sababu tunayo mfukoni tayari, kwamba ni wanawake. Ripoti hiyohiyo inasema kwamba mwaka 2017, asilimia 58 ya wanawake waliouawa waliuawa na wenzi wao au jamaa wa familia zao. Takwimu hizo hazimtoi mama mkwe wako kwenye kesi. Zinaonyesha tu kwamba msemo ule umeshateua mshtakiwa kabla mashahidi hawajaitwa.

Sasa huyo mama mkwe. Mwaka 1988 mwanasosholojia Deniz Kandiyoti, mzaliwa wa Uturuki, aliandika makala ambayo mimi huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Alisema wanawake hawaishi chini ya mfumo dume kama mateka waliofungwa kamba. Wanapatana nao. Kila mfumo una masharti yake, na ndani ya masharti hayo mwanamke hutafuta pa kupumulia. Katika familia ambamo bibi harusi anahamia kwa wakwe, anaingia akiwa wa mwisho kabisa: hana mali, hana sauti, anaamka kabla ya wote na kula baada ya wote. Mamlaka pekee yanayomngoja yako mbali, siku mwanawe wa kiume atakapooa na yeye kuwa mama mkwe. Ndipo naye atapata wa kumwamsha.

Lifikirie kama upatu. Mtu amechanga miaka thelathini bila kukosa hata mzunguko mmoja, amechanga akiwa mgonjwa, amechanga akilia. Zamu yake inafika, na siku hiyohiyo wanachama wapya wanasimama kusema upatu umepitwa na wakati, tuuvunje. Wanachama wapya wana haki. Upatu wenyewe ulikuwa wa dhuluma. Lakini usishangae kwamba anayepiga kelele kuliko wote ni yule mama mzee, na wala si kwa sababu anakuchukia. Kuna kitu anakidai, na wewe unataka kufunga daftari.

Msomi naye hufanya hivyohivyo, usidhani ni mambo ya wazee wasiosoma. London, mwaka 1908, iliundwa jumuiya ya wanawake wa kupinga wanawake kupewa kura. Mbele kabisa alikuwa Mary Ward, mwandishi wa riwaya aliyevuma sana, ambaye miaka karibu thelathini kabla ya hapo alishiriki kuanzisha chuo cha wanawake pale Oxford. Elimu kwa wanawake aliipigania, kura akaipinga. Alikuwa na nguvu zake tayari, alizozipata kwa njia za zamani: jina, ukoo, kujuana na wakubwa. Hata vitabu vyake vilitoka kwa jina la mumewe.

Lakini kudai upatu hakuelezi kila kitu. Hakuelezi kwa nini mama amfanyie ukali binti wa kumzaa mwenyewe, anayempenda. Kwa hilo twende mbali kidogo, China, kwenye desturi ya kufunga miguu. Mtoto wa kike akifika miaka mitano, sita, saba, vidole vyake vyote isipokuwa gumba vilikunjwa chini ya wayo, mguu ukazungushiwa kitambaa kirefu na kukazwa. Siku chache baadaye kinafunguliwa na kukazwa zaidi. Na zaidi. Mifupa ilivunjika. Mtoto alilia usiku, akakatazwa kujifungua. Aliyekaza kitambaa alikuwa mama yake. Baba hakukigusa. Angekuwepo mumeo pale mlangoni, angetikisa kichwa na kusema: unaona?

Gerry Mackie, mtafiti wa Marekani, mwaka 1996 aliuliza swali ambalo mumeo hajauliza: mama yule angeacha, nini kingempata? Jibu ni kwamba yeye asingepatwa na jambo kubwa. Binti ndiye angepatwa. Katika mji ambamo kila familia inayojiheshimu inatafuta mkaza mwana mwenye miguu midogo, binti mmoja mwenye miguu mikubwa hana wa kumwoa, na asiye na mume hana maisha. Mama aliyekaza kitambaa alikuwa akimlinda mwanawe kwa njia pekee aliyoiona. Mama aliyekataa peke yake angekuwa amemtoa binti yake sadaka kwa ajili ya msimamo.

Mwishoni mwa karne ya 19 vikaundwa vyama ambavyo wazazi waliapa viapo viwili kwa pamoja. Cha kwanza, binti zetu hatutawafunga miguu. Cha pili, wana wetu hawataoa waliofungwa. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa na makali, kwa sababu kilijibu "nani atamwoa?" kabla bibi hajauliza. Katika wilaya ya Dingxian, kaskazini mwa China, takwimu zinaonyesha kuwa mwaka 1889 asilimia 99 ya wasichana walifungwa miguu. Mwaka 1899 ilikuwa asilimia 94. Mwaka 1919, hakuna hata mmoja. Jambo la miaka elfu lilikwisha katika kizazi kimoja. Akina mama wa 1919 hawakuwa na huruma kuliko mama zao. Walikuwa na jibu ambalo mama zao hawakuwa nalo.

Wapo wasioridhika na maelezo hayo, na mimi kadiri ninavyozeeka ndivyo hoja yao inavyonikaa. Watafiti Laurel Bossen na Hill Gates waliwahoji vikongwe zaidi ya 1,800 vijijini China, na walichokuta ni kwamba mahali ambapo miguu ilifungwa zaidi ndipo mikono ya wasichana ilipohitajika zaidi: kusokota nyuzi, kufuma, kazi za kukaa kitako saa nyingi. Mtoto wa miaka saba hawezi kutulia kwenye gurudumu la kusokotea kutwa nzima. Mwenye miguu iliyofungwa hana ujanja. Nyuzi za kiwandani zilipoingia sokoni na kazi ile ikakosa faida, vitambaa vikaanza kufunguliwa. Ukiona msichana anafundishwa kutulia, basi, uliza anafanya kazi gani akiwa ametulia, na matunda yake yanakwenda kwa nani.

Hapo ndipo narudi uani kwako. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto lilikokotoa mwaka 2016 kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda wa asilimia 40 zaidi ya wavulana wa rika lao kwenye kazi za nyumbani zisizolipwa. Binti yako ni mmoja wao. Saa moja ya kila alfajiri anayoitoa haipotei hewani, kuna mtu anaipokea. Kaka yake anaipokea ikiwa usingizi. Na mumeo, ambaye hajawahi kumwamsha mtoto wala kumkaripia, akitoka nje anakuta uwanja umefagiwa. Hakutoa amri yoyote. Hahitaji kuitoa, ana watu wa kuitoa kwa niaba yake, na wakiitoa vibaya ana nafasi ya kuwacheka. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema anayesimama langoni na fimbo si lazima awe ndiye mwenye nyumba.

Nikuongezee kitu kinachonisumbua hata mimi. Mara nyingi hakuna fimbo kabisa. Mwaka 2000 watafiti wa New York walitengeneza njia ya kutelemka ambayo mteremko wake unaweza kuongezwa au kupunguzwa. Wakawaita akina mama wenye watoto wa miezi 11, wakawaambia: weka mteremko unaodhani mwanao ataweza kuutambaa. Kisha watoto wakajaribiwa. Wasichana na wavulana walitambaa sawa, hapakuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa kwa mama zao: wenye wavulana walikadiria kupita uwezo wa watoto wao, wenye wasichana walikadiria chini yake. Hao walikuwa akina mama wanaowapenda watoto wao, hawana ugomvi na mtu, na mtoto mwenyewe hajajua hata kusimama. Sasa jiulize ni mara ngapi kwa siku mtoto wa miezi 11 huinuliwa kabla hajajaribu, na baada ya miaka sita tunasema msichana ni mwoga kwa asili yake.

Kuhusu bosi. Tangu mwaka 1974 wanasaikolojia wana jina la mwanamke aliyefika juu kisha akawabana wanawake wa chini yake: malkia wa nyuki. Jina limependwa mno, kwa sababu linamsaidia kila mtu isipokuwa mwanamke. Lakini utafiti uliofuata umeligeuza. Mwaka 2011 Belle Derks na wenzake walifanya jaribio na maofisa wanawake wa ngazi za juu katika polisi ya Uholanzi. Baadhi yao walikumbushwa kwanza nyakati walizobaguliwa kwa kuwa wanawake. Wale ambao tangu hapo hawakujihesabu sana kuwa sehemu ya kundi la wanawake, wakikumbushwa, walijitenga na wanawake wenzao zaidi na kukanusha zaidi kwamba ubaguzi upo. Wasipokumbushwa, hawakufanya hivyo. Kwa hiyo umalkia si tabia ya kuzaliwa nayo. Ni kovu, na linawasha mahali penye ubaguzi. Brazil nako, watafiti walipoangalia miji ambayo mwanamke alimshinda mwanamume umeya kwa kura chache, walikuta wanawake wengi zaidi wakipanda vyeo katika taasisi za umma za miji hiyo. Mwanamke mwenye madaraka kamili na muda wa kutosha hufungua mlango. Aliyepewa kiti kimoja tu kilichotengwa, akaambiwa anaangaliwa, hukikalia kwa woga.

Nilipoanza kufundisha chuo, mhadhiri mmoja mwanamke aliyenitangulia miaka ishirini alinivuta pembeni baada ya kikao changu cha kwanza. Akaniambia, "Usicheke tena mle ndani. Na kalamu usiitoe wa kwanza." Nilimchukia miezi sita. Baadaye nikajua kwamba katika kikao chake cha kwanza aliombwa "aandike andike tu" yale yaliyosemwa, kwa vile mwandiko wake ni mzuri, na akawa mwandishi wa kikao miaka kumi na moja huku wanaume aliowazidi sifa wakipanda. Alikuwa ananipa dawa yake, chungu ileile aliyoinywa. Ilinisaidia, kusema kweli. Pia ilininyima kicheko changu ofisini kwa muda mrefu, na hilo sijamsamehe bado.

Naomba usichanganye kueleza na kusamehe. Bosi wako alikukosea. "Mimi nililea watatu na sikuomba" si kanuni ya kazi, ni malalamiko yaliyokosa pa kupelekwa.

Sasa swali lako kubwa: hiyo jamii ni nani? Watu huisema kama vile ina ofisi mahali, na mkurugenzi. Haina. Chukua lugha yetu. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Mtu ni mtu. Lakini mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na ukisema fulani ameoa ilhali ni mwanamke, watu wanacheka. Hakikukaa kikao cha kuamua hivyo. Chukua na kale kaneno "tu" katika "mama yao hafanyi kazi, yuko nyumbani tu". Shirika la Kazi Duniani lilitoa takwimu mwaka 2018 kwamba wanawake wanafanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi ya kutunza watu na nyumba isiyolipwa duniani. Robo tatu hizo zote zimekaa ndani ya "tu".

Kwa maoni yangu, jamii ni yale ambayo kila mmoja anadhani wenzake wanayataka. Neno ni "anadhani". Watafiti watatu wa uchumi waliwakusanya vijana wa kiume waliooa mjini Riyadh, Saudi Arabia, kwa makundi ya watu wa mtaa mmoja, wanaofahamiana. Kila mmoja akaulizwa kwa siri: wewe unaona sawa mwanamke kufanya kazi nje ya nyumba? Wengi mno walisema ndiyo. Kisha akaulizwa: katika hawa waliokaa nawe, wangapi wamesema ndiyo? Hapo wengi wakataja idadi ndogo kuliko ya kweli. Kila mmoja alikuwa anaogopa majirani ambao nao walikuwa wanamwogopa yeye. Nusu yao wakaambiwa hesabu halisi, basi, si mahubiri, namba tu. Hao walioambiwa waliwaandikisha wake zao kwa wingi zaidi kwenye huduma ya kutafutiwa kazi, na miezi kadhaa baadaye wake hao walikuwa wamekwenda kwenye usaili zaidi ya wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Ndiyo maana simshauri mtu apambane na mama mkwe mmoja mmoja. Senegal, katika kijiji cha Malicounda Bambara, wanawake walitangaza mwaka 1997 kwamba wanaacha ukeketaji. Ilikuwa habari kubwa. Mzee mmoja, imamu Demba Diawara, hakuwapinga, lakini aliwaambia hesabu haijakamilika: sisi tunaoana na vijiji vingine, na msipoongea nao, binti zenu ndio watakaolipa. Akaenda kwa miguu, kijiji kwa kijiji, kwa jamaa zake, akizungumza nao. Februari 1998 vijiji 13 vilitangaza kwa pamoja pale Diabougou. Mambo mengi ya jinsia hayaachwi na mtu. Yanaachwa na watu wanaooana, au wanaoajiriana.

Kwako ni jambo dogo zaidi, lakini njia ni ileile. Kazini, usimwombe bosi huruma. Tafuta wenzako watatu au wanne wenye watoto, wanaume wawemo, muombe utaratibu wa ruhusa ya mtoto mgonjwa uandikwe. Ukiandikwa, bosi wako hatakuwa tena mtu wa kuthibitisha kila siku kwamba hawapendelei wanawake, na nadhani atashusha pumzi kuliko nyinyi.

Nyumbani, usimkosoe mama mkwe mbele ya watoto. Siku mkiwa wawili tu, muulize yeye aliamshwa saa ngapi alipoolewa, na nani. Usimuulize kwa mtego. Muulize ukitaka kujua, na ukae ukisikiliza hata akirudia. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kazi yenyewe ya kubadilisha zamu mpe mumeo. Yeye ni mwana wa yule mama, neno lake halimgharimu kitu, lako linakugharimu amani ya mwaka mzima. Kwa kuwa anasema tatizo ni nyinyi kwa nyinyi, mwambie atoke katikati yenu kwa wiki moja: saa kumi na moja alfajiri amwamshe kijana yeye mwenyewe, ampe fagio, na binti alale. Wala asitangaze. Siku ya kwanza au ya pili mama mkwe atatoka nje, atamwona mjukuu wake wa kiume ameinama, na atasema kitu. Sikiliza kwa makini anakisema kwa nani, kwako au kwa mwanawe, kisha uniandikie tena.